Amana na Dhamana: Kilwa na Pwani ya Lindi Baada ya Vita, 1905–1961



1. Utangulizi

Nangurukuru, mahali tulipokutanika, ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Rufiji na Somanga hugawanyika hapa: moja huelekea mashariki kwenda Kivinje na Kilwa Masoko, ya pili huendelea kusini hadi Lindi na Mtwara, na ya tatu huingia bara kupitia Njinjo hadi Liwale. Nchi inayounganishwa na barabara hizi ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya uzito wa vita viwili: Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na Vita Kuu ya Kwanza, iliyofika pwani hii mwaka 1916.

Habari za mapigano yenyewe zimeandikwa kwa wingi. Kilichoandikwa kwa uchache ni yale yaliyofuata pale bunduki ziliponyamaza. Mara tatu katika muda wa nusu karne watawala kutoka nje walitangaza kwamba wangeleta utulivu na kuijenga upya nchi hii: Wajerumani baada ya 1907, Waingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa baada ya 1919, na Waingereza hao hao chini ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1946. Mhadhara huu unakusudia kuzipima nyakati hizo tatu.

Mimi ni mwanaisimu, na kipimo nitakachotumia ni cha lugha. Kiswahili kina maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa katika maandishi ya siasa: amana na dhamana. Hoja yangu ni kwamba tofauti ya maneno hayo inatufunulia kasoro ya msingi ya ujenzi mpya ulioendeshwa na wageni katika pwani hii, na kwamba kasoro hiyo haikuanza kurekebishwa mpaka mwenyeji alipopata nafasi ya kuuliza mwenyewe.

2. Maneno mawili

Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu, na yote mawili yameishi pwani karne nyingi katika biashara na katika sheria ya Kiislamu. Mtu anaposafiri akamwachia jirani sanduku lake, ameweka amana. Jirani hawi mwenye sanduku. Kazi yake ni kulitunza, na mwenyewe anaporudi na kulidai, hana budi kulitoa. Sanduku likiibwa bila uzembe wake, sheria haimtozi. Lakini akilifungua akatumia kilichomo, amekwisha kuwa mhaini.

Dhamana ina mantiki nyingine. Hapa wapo watu watatu: mdai, mdaiwa na mdhamini. Mdhamini husimama mbele ya mdai na kusema: huyu asipolipa, nitalipa mimi. Anawajibika kwa mdai. Yule anayedhaminiwa anaweza kunyamaza muda wote wa shauri, na mara nyingi hunyamaza, kwa kuwa mazungumzo yenyewe hayafanyiki naye.

Kwa hiyo swali la msingi katika amana ni moja: je, mwenye mali akija kudai, atarudishiwa? Na katika dhamana: je, mdai ameridhika? Maswali hayo mawili hayaulizwi na mtu mmoja.

Mwaka 1919 Ibara ya 22 ya Mkataba wa Shirikisho la Mataifa ilieleza kwamba ustawi wa watu wa makoloni yaliyotwaliwa ulikuwa kitu kitakatifu kilichowekwa mikononi mwa ustaarabu. Wazo hilo, kwa Kiswahili cha pwani, ni amana. Lakini istilahi iliyokuja kuenea kwetu ni udhamini: nchi ya udhamini, Baraza la Udhamini. Neno la Kiingereza lililotumika hubeba dhana zote mbili bila kuzipambanua. Kiswahili hulazimika kuchagua. Nadhani uchaguzi uliofanyika, hata kama haukukusudiwa, ulikuwa sahihi kihistoria, na sababu zake zinafuata.

3. Utulivu baada ya Maji Maji

Vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Umatumbi, kaskazini-magharibi ya hapa. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba katika shamba walilolazimishwa kulima. Siku chache baadaye Samanga, ambayo leo tunaiita Somanga, ilishambuliwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Katika mwezi huo huo boma la Liwale lilianguka, na Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa akisafiri kutoka Kilwa kuelekea Peramiho, aliuawa yeye na wenzake katika nchi ya Liwale.

Serikali ya Gavana von Götzen ilivishinda vita hivyo kwa silaha kisha kwa njaa. Ghala zilichomwa, mashamba yakaharibiwa, na vyakula vikachukuliwa kwa makusudi ili watu washindwe kuendelea. Makadirio ya Wajerumani yenyewe yalitaja vifo 75,000. Mwanahistoria G.C.K. Gwassa, ambaye alifanya utafiti wa kina huku Umatumbi na kwingineko, alikadiria idadi iliyo baina ya 250,000 na 300,000. Walio wengi kati ya hao hawakufa kwa risasi.

Kisha ukaja ujenzi mpya. Mwaka 1907 Ujerumani iliunda wizara kamili ya makoloni chini ya Bernhard Dernburg, naye akaja Afrika Mashariki mwaka huo huo kujionea. Gavana mpya, Albrecht von Rechenberg, aliyekuwa akijua Kiswahili, alipendelea kilimo cha wenyeji kuliko kuwatia katika mashamba ya walowezi, na walowezi wakamchukia kwa hilo. Haki inatutaka tukiri kwamba yalikuwapo mabadiliko ya kweli. Mpango wa mashamba ya pamba ya lazima, ambao ulikuwa chanzo kimojawapo cha vita, haukufufuliwa kwa sura ile ya awali.

Lakini tuulize: nani aliyehesabiwa kuwa mdai? Mjadala mkali wa mageuzi ulifanyika katika Bunge la Berlin, na hoja zake kubwa zilikuwa gharama ya vita kwa hazina ya Ujerumani na heshima ya dola hiyo. Mjane wa Kipatimu hakuwa na mahali pa kupeleka hesabu yake. Gazeti la Kiongozi, lililokuwa likichapishwa kwa Kiswahili katika shule ya serikali ya Tanga tangu 1904, lilisomwa na makarani, walimu na maakida. Lilikuwa chombo cha serikali kusemea, na halikuwa mahali pa kuishitakia serikali. Masimulizi ya walioshindwa yalihifadhiwa kwingine: katika kumbukumbu za koo, na katika utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi kuhusu vita hivyo, ambao ulichapishwa na Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1957, nusu karne baada ya vita.

Kadhalika, utulivu uliopatikana ulikuwa kwa sehemu utulivu wa nchi iliyopungukiwa na watu. Mashamba yaliyoachwa yaligeuka pori, na pori likaleta wanyama na mbung'o. Mwaka 1922 Waingereza walitangaza Pori la Akiba la Selous, wakalipa jina la mwindaji Frederick Selous aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917. Katika miaka ya 1940 wakazi wengi wa upande wa Liwale walihamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na pori likapanuliwa. Hatimaye likafikia kiasi cha kilomita za mraba 50,000. Msafiri wa leo anayeisifu nyika ile kuwa haijaguswa na binadamu yampasa ajue kwamba sehemu yake ilikuwa vijiji. Mwaka 2019 eneo kubwa la pori hilo lilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

4. Dhamana ya Geneva

Majeshi ya Uingereza yaliteka Kilwa Septemba 1916. Mwaka uliofuata mapigano makali yalitokea Narungombe mwezi Julai na Mahiwa, upande wa Lindi, mwezi Oktoba, kabla von Lettow-Vorbeck hajavuka Ruvuma mwezi Novemba. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Wapagazi waliokusanywa na pande zote walihesabika kwa mamia ya maelfu, na waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na utapiamlo. Mihogo na mtama wa wanavijiji vililiwa na majeshi mawili kwa zamu. Baada ya hapo ikaja homa kali ya mafua ya 1918.

Nchi hii iligawanywa kabla haijadhaminiwa. Mwezi Mei 1919 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana kwamba Rwanda na Urundi ziende kwa Ubelgiji, na pembe ya Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma, ikapewa Ureno. Mwaka 1920 sehemu iliyobaki ikaitwa Tanganyika. Masharti ya udhamini yakathibitishwa na Baraza la Shirikisho la Mataifa tarehe 20 Julai 1922.

Masharti hayo hayakuwa maneno matupu, na pwani ya Kilwa ina sababu ya pekee ya kuyakumbuka. Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika karne ya 19, na utumwa wa majumbani na mashambani haukukoma biashara ile ilipokoma. Wajerumani waliweka sheria kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe huru, lakini hawakuufuta utumwa wenyewe. Udhamini ulimtaka mtawala awaachie huru watumwa wote mapema kadiri iwezekanavyo, na mwaka 1922 utumwa ukafutwa kisheria Tanganyika. Vilevile masharti yalikataza kazi ya kushurutishwa, isipokuwa kwa shughuli muhimu za umma na kwa malipo ya haki. Yalimpa mwananchi kinga ambayo mwenzake wa koloni la kawaida hakuwa nayo.

Sasa tutazame hesabu ilitolewa kwa nani. Kila mwaka serikali ya Uingereza ilipeleka ripoti kwa Tume ya Kudumu ya Udhamini iliyokuwa ikikaa Geneva. Tume ilikuwa na wajumbe wenye ujuzi, na maswali yao wakati mwingine yalikuwa makali. Lakini haikupata kamwe kutuma ujumbe wake kuja kuiona Tanganyika. Mkazi wa nchi aliyekuwa na malalamiko alitakiwa kuyapitisha kwa serikali ile ile aliyokuwa akiilalamikia. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1923 serikali ilianza kuchapisha gazeti la Mambo Leo kwa Kiswahili, gazeti ambalo mchango wake kwa fasihi yetu ni mkubwa. Hivyo serikali moja ilikuwa na sauti mbili: Kiingereza kwa mdai aliyeko Geneva, na Kiswahili kwa mwenye mali aliyeko Kilwa. Sauti hizo mbili hazikulazimika kusema jambo moja.

Huo ndio uhusiano wa dhamana niliouelezea. Wapo watu watatu, na mmoja wao, ambaye ndiye mwenye shauri, hayumo katika mazungumzo.

5. Kujenga kwingine kwa ardhi yetu

Baada ya Vita Kuu ya Pili jambo geni likatokea. Nchi iliyohitaji kujengwa upya safari hii ilikuwa Uingereza yenyewe, na ardhi iliyotakiwa kuijenga ilikuwa yetu. Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kupikia, na mwaka 1947 ukaanza mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, Kongwa, Urambo na Jimbo la Kusini. Nachingwea, magharibi ya Lindi, ikachaguliwa kuwa kitovu cha upande wa kusini. Bandari ikajengwa Mtwara, na reli kutoka pwani hadi Nachingwea.

Mpango ulivunjwa Januari 1951, baada ya kutumia kiasi cha pauni milioni 36. Mvua na udongo havikupimwa vya kutosha, na mitambo ilishindwa na visiki. Wakulima wa Nachingwea waliokuwa wakiijua ardhi hiyo hawakuwa washauri wa mpango. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo bandari ya Mtwara ilibaki, na Nachingwea ikaja kuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO katika vita vya ukombozi wa Msumbiji. Kilichojengwa kwa haja ya mgeni kikapata kazi siku mwenyeji alipokitumia kwa shabaha aliyoichagua.

6. Mwenye mali anapouliza

Mkataba mpya wa udhamini, ulioidhinishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 1946, ulitofautiana na ule wa zamani katika mambo mawili yanayoonekana madogo. Kwanza, Baraza la Udhamini lilituma wajumbe wake kuja kuiona nchi, kuanzia 1948 na kila baada ya miaka mitatu. Pili, mwananchi aliruhusiwa kupeleka malalamiko moja kwa moja New York, na hata kwenda mwenyewe.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa kuwatetea Wameru waliofukuzwa Ngarenanyuki. Shauri lile halikuwarudishia ardhi yao, lakini nchi nzima iliona kwamba mlango upo. Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere, kwa niaba ya TANU iliyokuwa na umri wa miezi minane, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini. Ujumbe wa 1954 ulikuwa umependekeza kwamba Tanganyika ingeweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25. Uhuru ulipatikana katika muda usiofika miaka 7.

Ni nini kilichobadilika? Sharti la kisheria lilikuwa limebadilika kidogo. Kilichobadilika zaidi ni kwamba kilichokuwa dhamana kilianza kudaiwa kama amana. Mwenye mali alikuja mwenyewe kuidai. Na hapa lugha ilifanya kazi yake. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi Januari 1930 ilikuwa na kusudi la kupata Kiswahili kimoja cha vitabu vya shule kwa nchi nne zilizotawaliwa na Uingereza. Haikuwa na kusudi la kuwaunganisha wapigania uhuru. Lakini Kiswahili hicho, kikiongezewa nguvu na lahaja zilizo hai kama za Kilwa na Lindi, ndicho kilichowezesha aliyosema Nyerere New York kwa Kiingereza yasimuliwe katika mikutano ya TANU kwa maneno ambayo mkulima wa Njinjo na mvuvi wa Kivinje waliyaelewa sawasawa. Kwa mara ya kwanza sauti mbili za hesabu zilikaribia kuwa sauti moja.

7. Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, mambo haya si ya makumbusho. Tangu 2013 wanajeshi wa Tanzania wamehudumu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa mashariki ya Kongo, katika nchi ambayo wakazi wake wengi huzungumza Kiswahili. Maazimio yanayoongoza kazi hiyo hujadiliwa New York katika lugha ambazo mwanamke wa kambi ya wakimbizi karibu na Goma hazijui. Redio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, hutangaza kwa Kiswahili na lugha nyingine za huko, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kumtangazia mtu habari ni jambo moja, na kupokea hesabu yake ni jingine. Wanafunzi mnaosomea tafsiri na ukalimani, kazi hii inawangoja ninyi.

Na sisi wenyewe tusijitoe katika mizani. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, miaka 42 baada ya uhuru. Hadi hapo watu wa kusini walitegemea kivuko cha Ndundu, na masika yalipokolea njia ilifungika. Serikali ya wananchi nayo hushika amana, na mwenye amana ana haki ya kuuliza kwa nini imechelewa.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea kwa yaliyotendwa katika Vita vya Maji Maji. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 115 tangu vita viishe. Wapo waliosema umechelewa, na wapo waliosema unatosha. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba dawa ya deni ni kulipa, na malipo huanza kwa kukubaliana juu ya kiasi cha deni. Hesabu ya upande wetu bado haijakamilika. Mradi wa utafiti wa Maji Maji ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 na 1969 uliwakuta wazee walioviona vita. Leo hayupo hata mmoja wao. Walio hai ni wajukuu wao, na baadhi yao wanaishi katika vijiji vinavyofikiwa kwa barabara hizi tatu.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa idara zetu za Kiswahili na historia wazifuate barabara hizo wakiwa na daftari. Wakusanye majina ya mahali palipohamwa, misamiati ya njaa, na masimulizi ya waliorudi na ya wasiorudi, na wayaandike kwa Kiswahili ambacho msimuliaji mwenyewe ataweza kukisoma na kukisahihisha. Hayo masimulizi nayo ni amana, na tukishayaandika tuwarudishie wenyewe.